Sanduku na Kifua: Tarihi ya Malezi ya Watoto Njiti

Maumbile yamempa mtoto wa binadamu majuma 40, au karibu yake, ya kukaa katika tumbo la mama. Azaliwaye kabla ya kutimia majuma 37 huhesabiwa kuwa amezaliwa kabla ya wakati, na watu wa Tanzania wamempa jina fupi la njiti. Njiti ni kijiti chembamba kama kile cha kiberiti. Na jina hilo lamfaa mtoto huyo, maana wembamba wake ndio mwanzo wa taabu zake. Ngozi yake ni laini na mafuta chini yake ni haba, kwa hiyo joto la mwili humtoka upesi. Mapafu yake hayajakomaa, na kila pumzi ni kazi. Hana nguvu ya kunyonya, hana kinga ya kutosha ya kupigana na maradhi, na mishipa ya damu ya ubongo wake hupasuka kwa urahisi. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, watoto kama hao waliozaliwa mwaka 2020 walikuwa milioni 13.4, yaani takriban mmoja katika kila watoto 10. Na waliokufa mwaka 2019 kwa madhara ya kuzaliwa mapema walikuwa karibu 900,000.

Hesabu hiyo ni kubwa, walakini ingalikuwa kubwa zaidi kama binadamu asingalijifunza, kwa muda wa miaka 150 hivi, namna ya kumlea kiumbe huyu. Tarihi ya kujifunza huko si njia iliyonyooka. Mara nyingi watu wema na wenye elimu walifanya jambo kwa kuwa lilionekana jema, wasilipime. Mara nyingine jambo lilikwisha kupimwa likaonekana kufaa, wasilifuate. Aliyelipa gharama ya makosa ya namna zote mbili ni yule yule, naye hakuwa na sauti ya kulalamika. Na katika mambo yote yaliyofanywa bila ya kupimwa, moja lililodumu kuliko mengine ni kumtenga mtoto na mama yake.

Watu wa kale hawakukosa kuwajua watoto njiti. Katika maandishi ya Kiyunani yanayonasibishwa na Hippocrates imo imani kwamba mtoto wa miezi saba aweza kuishi, lakini wa miezi minane hufa. Imani hiyo ni kinyume cha ukweli, kwa sababu kila juma linaloongezeka tumboni huongeza tamaa ya kuishi. Hata hivyo ilirithiwa na matabibu kwa karne nyingi. Hakuna aliyeketi akahesabu wangapi walizaliwa katika mwezi gani na wangapi walisalimika. Malezi yenyewe yalikuwa kazi ya wanawake: kumfunika mtoto kwa sufu au pamba, kumweka karibu na moto, kumdondoshea maziwa kinywani, na kungoja. Isaac Newton, aliyezaliwa Uingereza usiku wa kuamkia au siku yenyewe ya Krismasi ya mwaka 1642 kwa kalenda ya kwao, husimuliwa kuwa alikuwa mdogo hata akaweza kuenea katika chombo cha kupimia kinywaji. Wengi wa mfano wake hawakuacha hata jina.

Mabadiliko yalianza Ulaya katika karne ya 19. Mwaka 1857 tabibu Denucé wa Bordeaux alieleza beseni lenye kuta mbili, ambalo katikati ya kuta hizo yalitiwa maji ya moto. Na huko Leipzig, Ujerumani, Credé alitumia chombo cha namna hiyo. Lakini aliyelifanya jambo hili lisikike alikuwa Stéphane Tarnier, mkuu wa uzalishaji katika hospitali ya Maternité mjini Paris. Mwaka 1878 Tarnier alitembelea bustani ya wanyama ya mji huo akaona mashine za kutotolea mayai ya kuku. Kuku huatamia mayai yake kwa joto la mwili; mashine iliatamia kwa joto la maji. Tarnier akamwomba Odile Martin, aliyezitengeneza mashine hizo, amtengenezee sanduku la namna ile kwa ajili ya watoto. Katika miaka michache masanduku ya joto yakawa yanatumika katika Maternité.

Jambo la kusifiwa kwa Tarnier si sanduku peke yake, bali hesabu iliyoandamana nalo. Msaidizi wake Auvard alichapisha mwaka 1883 matokeo ya kazi ile: miongoni mwa watoto waliopungua gramu 2000, waliokufa walikuwa 66 katika 100 kabla ya masanduku, na 38 katika 100 baada yake. Pamoja na joto, Tarnier alianzisha kuwalisha wasioweza kunyonya kwa mpira mwembamba uliopitishwa hadi tumboni. Ufaransa wa siku zile ulikuwa umeshindwa vitani na Prussia mwaka 1871, na viongozi wake walihofu uchache wa watoto wanaozaliwa. Kwa hiyo mtoto aliyedhaniwa kuwa si wa kuishi akawa na thamani mbele ya dola.

Mwaka 1895 Pierre Budin, mwanafunzi wa Tarnier, alishika uangalizi wa wodi ya watoto dhaifu ya Maternité, iliyokuwa imefunguliwa mwaka 1893 kwa juhudi za Madame Henry, mkuu wa wakunga. Budin alifuata mambo matatu: joto, chakula na kinga ya maradhi. Tena alitambua jambo la nne. Aliona kuwa mama aliyezuiliwa kumhudumia mtoto wake mwishowe humwacha. Moyo wake hupoa kama maziwa yake yanavyokauka. Kwa sababu hiyo aliwataka mama wawe karibu, wanyonyeshe, na waone. Kitabu chake juu ya mtoto anyonyaye kilitoka mwaka 1900, na tafsiri yake ya Kiingereza mwaka 1907. Watu walikisoma, walakini katika mambo yale manne, la nne ndilo lililosahauliwa kwanza.

Sababu moja ya kusahauliwa kwake ni kwamba sanduku lilivutia macho kuliko mama. Alexandre Lion wa Nice, aliyetengeneza sanduku bora la chuma na kioo, alifungua nyumba katika miji ya Ufaransa ambamo wapitao njia walilipa ada ndogo wakaingia kutazama watoto. Mwaka 1896 masanduku yenye watoto yaliwekwa katika maonyesho makubwa ya Berlin, na mwaka 1897 katika maonyesho ya London. Mtu aliyejulikana zaidi kwa kazi hiyo, Martin Couney, aliichukua hata Marekani: Omaha mwaka 1898, Buffalo mwaka 1901, kisha Coney Island, kando ya bahari ya New York, tangu mwaka 1903 hadi mwaka 1943. Watazamaji walilipa senti 25, na kwa fedha hizo wauguzi wakalipwa na watoto wakatunzwa bila ya wazazi kutoa hata senti moja. Couney alijiita daktari, ingawa waliochunguza maisha yake hawakuona ushahidi kwamba alipata shahada ya utabibu. Hata hivyo yapo maisha yaliyookolewa katika vibanda vyake, katika siku ambazo hospitali nyingi za Marekani hazikuwa na mahali pa kumweka njiti. Ni aibu ya taasisi, si ya Couney, kwamba mtoto alipata joto katika uwanja wa michezo asilipate katika nyumba ya tiba.

Taasisi ziliamka polepole. Mwaka 1922 Julius Hess alianzisha Chicago kituo cha watoto njiti katika hospitali, na akachapisha kitabu kikubwa juu yao. Mwaka 1931 Mary Crosse alifungua wodi ya namna hiyo huko Birmingham, Uingereza. Katika wodi hizo hofu kubwa ilikuwa maambukizo, na hofu hiyo ilikuwa ya haki, kwa kuwa dawa za kuua vijidudu zilikuwa bado. Lakini kutokana nayo ilitungwa kanuni kali: mtoto ashikwe kidogo iwezekanavyo, na wageni wasiingie. Katika neno wageni akahesabiwa na mama. Kwa miaka mingi mama wa njiti katika Ulaya na Marekani alimtazama mwanawe kupitia kioo, akarudi nyumbani mikono mitupu, akaja kumchukua baada ya majuma au miezi. Hapana aliyeonyesha kwa hesabu kuwa mkono wa mama uliooshwa una madhara kuliko mkono wa muuguzi uliooshwa. Kanuni ilionekana ya busara, basi ikawa sheria.

Katika wodi hizo hizo ilitokea msiba ambao kila mwanafunzi wa utabibu hana budi kuujua. Mwaka 1942 tabibu wa macho wa Boston, Theodore Terry, alieleza ugonjwa ambao haukupata kujulikana: nyuma ya mboni ya mtoto njiti uliota utando mweupe, na mtoto akawa kipofu. Katika miaka iliyofuata upofu huo ulienea, na la kushangaza ni kuwa ulienea zaidi katika hospitali zilizokuwa na vifaa bora. Mambo mengi yalishukiwa: maziwa, vitamini, chuma, mwanga. Dawa nazo zilijaribiwa. Mjini New York watoto walipewa homoni iitwayo ACTH, wengi wakaona, na matabibu wakafurahi. Lakini kundi lililopewa lilipolinganishwa na kundi lisilopewa, waliopewa hawakuwa na hali njema zaidi, tena waliokufa kwao walikuwa wengi zaidi. Ukweli ni kwamba macho ya watoto wengi hupona yenyewe.

Chanzo kilikuwa oksijeni. Masanduku mapya ya miaka ya 1940 yalifungwa vizuri, na oksijeni ilitiwa kwa wingi, kwa kuwa rangi ya mtoto ilipendeza na pumzi yake ikatulia. Mwaka 1951 Kate Campbell wa Melbourne alionyesha kuwa upofu ulikuwa mwingi pale ilipotumiwa bila ya kubana. Wakati huo Arnall Patz na wenzake walikuwa wakilinganisha mjini Washington watoto waliopewa oksijeni nyingi na waliopewa kidogo. Baadhi ya wauguzi, kwa huruma, walifungua oksijeni usiku kwa watoto wa kundi la pili, wakiamini kuwa wananyimwa uhai. Huruma hiyo ndiyo iliyopofusha. Jaribio la hospitali 18 za Marekani, lililoanza mwaka 1953, lilimaliza ubishi mwaka 1954. Kwa makadirio, watoto 10,000 hivi duniani walikuwa wamekwisha kupofuka. Miongoni mwao ni mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa Michigan mwaka 1950.

Waswahili husema, nia njema ni tabibu. Methali hiyo ni ya kweli katika mambo ya moyo, walakini katika wodi ya njiti haikutosha. Palitakiwa na mizani. Na msiba haukuishia hapo. Baada ya mwaka 1954 matabibu waliogopa oksijeni kama walivyoipenda mwanzo, wakaweka mpaka wa kipimo ambao haukupimwa vyema kwa watoto wenye mapafu mabovu. Macho yakasalimika, lakini maiti zikaongezeka. Mwaka 1973 Kenneth Cross wa London alikadiria kuwa kwa kila mtoto aliyeokolewa na upofu, watoto 16 hivi walikufa. Yaani kosa la kwanza lilirekebishwa kwa kosa la pili, nalo la pili halikuonekana kwa miaka karibu 20, kwa sababu kipofu huonekana njiani na aliyekufa haonekani.

Elimu ya mapafu nayo ina kisa chake. Mwaka 1959 Mary Ellen Avery na Jere Mead wa Boston walionyesha kuwa mapafu ya njiti wanaokufa kwa shida ya kupumua yamekosa utelezi unaozuia vifuko vya hewa visinywee kila pumzi inapotoka. Miaka minne baadaye, Agosti 1963, Patrick, mwana wa Rais Kennedy wa Marekani, alizaliwa kabla ya wakati akiwa na uzito wa kilo 2.1. Alikufa baada ya saa 39. Mamlaka yote ya baba yake hayakuweza kumnunulia utelezi ule, maana haukuwapo wa kununuliwa. Mwaka 1980 Fujiwara na wenzake, huko Japani, ndipo walipochapisha habari za kuwatilia watoto mapafuni utelezi uliotolewa katika mapafu ya ng'ombe.

Dawa nyepesi zaidi ilikuwa imekwisha kupatikana kabla ya hapo. Graham Liggins wa Auckland, New Zealand, alikuwa akichunguza uzazi wa kondoo, akaona kuwa mwanakondoo aliyepata dawa ya jamii ya steroidi tumboni alipumua ingawa alizaliwa mapema mno. Mwaka 1972 yeye na Ross Howie walichapisha jaribio la mama 282: sindano aliyodungwa mama kabla ya kujifungua ilikomaza mapafu ya mtoto na kupunguza vifo. Sindano hiyo ni rahisi, na jaribio lilifanywa kwa uangalifu. Lakini miaka 22 ilipita kabla Marekani haijatoa mwongozo wa kitaifa wa kuitumia, mwaka 1994, ingawa majaribio mengine yalikuwa yamekwisha kuthibitisha. Cochrane, jumuiya ya kukusanya ushahidi wa tiba iliyoanzishwa mwaka 1993, iliyachora matokeo ya majaribio hayo katika nembo yake, iwe ukumbusho wa vifo vilivyotokea ilhali dawa ipo na ushahidi upo.

Kurudi kwa mama kulianzia mahali pasipotazamiwa. Mwaka 1978, katika hospitali ya Instituto Materno Infantil mjini Bogotá, Colombia, tabibu Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto wengi kuliko masanduku. Watoto walilazwa pamoja, wakaambukizana, na baadhi ya mama waliotenganishwa nao waliwaacha. Rey, na baada yake Héctor Martínez aliyejiunga naye mwaka 1979, waliamua kumfunga mtoto kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, wima kati ya matiti, anyonye apendapo, na aruhusiwe kwenda nyumbani mapema. Jambo hilo lilipewa jina la mnyama wa Australia abebaye mtoto mfukoni, likaitwa huduma ya kangaruu.

Sifa zake zilivuma upesi, na hapa tena ilihitajiwa mizani. Hesabu za mwanzo zilikuwa na dosari, kwa kuwa ziliwahesabu watoto waliokwisha kuvuka siku za hatari, zikawalinganisha na watoto wote wa zamani. Wapinzani walisema ni tiba ya maskini waliokosa mashine. Ndipo Wacolombia wenyewe walipofanya katika miaka ya 1990 jaribio la haki, wakaona kuwa watoto wa kifuani hawakufa zaidi ya wenzao, na walikaa hospitali siku chache. Katika hospitali ya misheni ya Manama, Zimbabwe, Bergman na Jürisoo walieleza mwaka 1994 jinsi walivyotumia njia hiyo mahali pasipo masanduku kabisa. Hata hivyo mashauri ya kimataifa yaliendelea kusema mtoto awekwe kifuani baada ya hali yake kutulia. Shauri hilo lilikuwa na pengo, maana njiti wengi hufa kabla hali haijatulia.

Pengo hilo lilizibwa na jaribio lililofanywa katika hospitali tano, moja katika kila nchi ya hizi: Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Watoto 3,211 wenye uzito wa kilo 1 hadi pungufu kidogo ya kilo 1.8 waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilipelekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa. La pili lilitunzwa katika sanduku au chini ya taa ya joto mpaka hali itulie, kisha likapelekwa kifuani. Ili kundi la kwanza lipate haki yake, kitanda cha mama kiliingizwa katika chumba cha watoto mahututi, na mtoto akakaa kifuani karibu saa 17 kwa siku. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Katika kundi la kifua walikufa 12 katika 100 kabla ya kutimiza siku 28, na katika kundi la pili 15.7 katika 100. Tofauti ilikuwa dhahiri hata jaribio likasimamishwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Novemba 2022 Shirika la Afya Duniani lilibadili shauri lake: kifua kwanza, mara baada ya kuzaliwa.

Yafaa kuelewa vyema lililothibitishwa. Jaribio halikusema kuwa mashine hazina kazi. Mama wale walikuwa ndani ya chumba chenye oksijeni, wauguzi na dawa. Wala halikusema kuwa kila desturi ya kale ni sahihi. Desturi ya pwani ya mama kukaa ndani siku 40 pamoja na mtoto wake ina hekima ya joto na mapumziko, lakini haimtoshi mtoto wa kilo moja asiyeweza kupumua. Lililothibitishwa ni kuwa mama si mgeni katika wodi. Yeye ni sehemu ya tiba, na kumtoa ni sawa na kuondoa dawa.

Tazamio la mtoto njiti leo lategemea mambo mawili: majuma aliyokaa tumboni, na mahali alipozaliwa. Aliyevuka majuma 32, akipata joto, maziwa ya mama na uangalizi, aghalabu huishi na kukua kama wenzake. Aliye chini ya majuma 28, katika nchi tajiri, hufa mmoja tu au pungufu katika 10. Katika nchi maskini hufa zaidi ya tisa katika 10, wengi wao katika siku chache za kwanza. Miongoni mwa wanaosalimika wapo wanaobaki na mtindio wa ubongo, upungufu wa kuona au kusikia, udhaifu wa mapafu, au uzito wa kujifunza. Na jinsi majuma yalivyopungua ndivyo hatari hizo zinavyozidi. Kwa hiyo kuokoka si mwisho wa safari, bali mtoto apimwe macho, masikio na makuzi yake kwa miaka.

Afrika Mashariki ina fungu lake katika tarihi hii, na fungu hilo halijakwisha. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi tano za jaribio lililochapishwa mwaka 2020, lenye mama 2,852, lililoonyesha kuwa sindano ya kukomaza mapafu huokoa maisha hata katika hospitali zisizo na mali nyingi, iwapo mama na mtoto wanaangaliwa vyema. Tanzania ilirekebisha sheria zake za kazi mwaka 2025 ili mama aliyejifungua njiti aongezewe likizo ya uzazi, jambo la lazima ikiwa kifua chake kimehesabiwa kuwa tiba. Lakini oksijeni nayo inaenea katika hospitali za wilaya, na vipimo vya kuipimia, pamoja na matabibu wa kutazama macho ya watoto, havijaenea kwa mwendo huo. Palipo na oksijeni pasipo kipimo, kisa cha Boston chaweza kurudi, na kimekwisha kurudi katika nchi nyingi za Amerika ya Kusini na Asia zilizotangulia katika njia hii. Mitungi ile inapofikishwa hospitali, hapana budi swali liulizwe siku ile ile: kipimo kiko wapi, na nani atayatazama macho ya mtoto atakapotimiza mwezi mmoja?